Fundi Chaji na Ile 'Si' Iliyodondoka

Siku aliyozaliwa Fundi Chaji, kandili iliyokuwa imezimika kwa kukosa mafuta iliwaka yenyewe, ikamtazama, ikazimika tena. Anayebisha abishe. Mkunga aliyeiona hayupo, na kandili yenyewe ilishauzwa chuma chakavu.

Kisicho na ubishi ni kwamba tangu alipoota ndevu, hakuna kitu kilichogoma kuwaka kikafika mikononi mwake kikaendelea kugoma. Magari yaliyoletwa kwa kusukumwa, wenyewe wamelowa jasho hadi kwenye soksi, yaliondoka yakinguruma. Alishtua mashine ya kusaga iliyokuwa imelala hadi kuku wakaigeuza nyumba ya kutagia. Na mkewe, ambaye hakuwa mtu wa kusema uongo isipokuwa ule wa lazima, aliapa kwamba siku moja aliishtua saa ya ukutani ya jirani kwa kuikemea tu.

Kushtua ndilo lilikuwa neno lake. Gari likifa betri, unaliazimia moto kwa gari zima: waya mwekundu hapa, mweusi pale, mwenye ufunguo azungushe, nalo linakurupuka kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini. Ndiyo maana mafundi wakaita kushtua. Watu wengine hulitumia neno hilo kwa mambo ya hofu, mtu kurukiwa na paka gizani. Kwake yeye lilikuwa neno la uzima.

Kibanda chake kilikuwa mwisho wa mtaa wa mafundi, mabati matupu, mchomelea mageti mkono huu na mshona viatu mkono ule. Ndani kulikuwa na benchi refu lililotafunwa na maji ya betri, na juu ya benchi betri zenyewe, vifuniko wazi, zikitokota polepole na kunong'ona kama wazee msikitini au kanisani kabla ya ibada kuanza. Harufu yake ilikaa kooni. Nguo zake zote zilikuwa na matundu ya asidi, na mkewe alizoea kusema kwamba akimwanika kambani pamoja na shati lake, upepo utapita kwa wote wawili bila kujua yupi ni yupi.

Alikuwa na kanuni moja tu ya kazi, na hiyo hakuivunja hata kwa mteja mwenye haraka. Hakugusisha waya wa mwisho kabla ya kuuliza, "Tayari?" na kujibiwa, "Tayari." Bwana aliyemfundisha kazi aliwahi kugusisha bila kungoja jibu, betri ikapasuka, na uso wake tangu siku ile ukawa uso wa mtu mwingine. Kwa hiyo Fundi Chaji aliuliza, na asipojibiwa alisimama na waya mkononi kama mlingoti. Mwenye gari akiwa bubu wangekutwa hapo wote wawili wamezeeka.

Ila kelele za injini zina malipo yake. Sikio lake la kushoto lilikuwa limebaki pambo. La kulia, kwa maneno ya mkewe, lilisikia linachokipenda.

Sasa huyu Fundi Chaji alikuwa na binti, na binti alikuwa na mtoto mmoja wa kike. Binti alipakia sabuni kiwandani. Mumewe aliendesha lori la masafa marefu, nyumbani alikuja kama mvua ya kiangazi. Kwa hiyo mtoto alilelewa kibandani, kwenye godoro lililotolewa kwenye kiti cha basi bovu, na kila mtu mtaani alimwita Swali, kwa sababu alikuwa hasemi kitu kisicho swali. Babu, betri ikichoka inaota nini? Babu, waya mwekundu na mweusi ni ndugu au wamegombana? Babu alimjibu kwa uongo uliopigwa msasa. Alimwambia kwamba betri huota zimekuwa nyota, na kwamba radi ni betri ya Mungu iliyowahi kuangushwa na malaika mzembe. Mtoto alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza huyo malaika alifukuzwa kazi au alipewa onyo. Hapo babu alikuwa akitafuta bisibisi ambayo haikupotea.

Alikuwa na miaka mitano, anauendea wa sita, alipopata homa. Homa ile ile iliyowapitia watoto wote wa mtaa na kuwaacha wakicheza. Yeye ilipomwacha, alitembea kama ndama aliyezaliwa asubuhi, miguu haielewani. Wakasema ni unyonge, utaisha, na kweli ukapungua kidogo. Kisha siku moja akateleza kwenye kigoda, kichwa kikagusa ukingo wa benchi. Hata damu haikutoka. Lakini alilala usingizi usioamshika, na alipofumbua macho miguu haikumbeba tena bila kushikwa, na maneno yakaanza kukwama mlangoni. Katikati ya neno hakuwa na shida, wala mwisho wake. Shida ilikuwa kulianza. Ulimi ulitafuta pa kushika, ukatafuta, ukatafuta, hadi ulipopata, ndipo sentensi nzima ikatoka kama kawaida na alama yake ya kuuliza.

Ndugu wa baba wakasema hiyo ni damu ya upande wa mama. Ndugu wa mama wakasema hiyo ni damu ya upande wa baba. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba kila upande ulikuwa na haki nusu, jambo ambalo halikumfurahisha mtu.

Hospitali kubwa ilichukua muda wake. Wakampiga mtoto picha ya kichwa, wakachukua damu, damu ikasafiri mbali kuliko mtu yeyote wa ukoo ule alivyowahi kusafiri. Majibu yaliporudi waliitwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, sauti ya mtu anayesoma peke yake. Binti alikaa na mtoto mapajani. Fundi Chaji alikaa upande wa mlango, na mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto.

Daktari alimtazama yule mzee, akalitazama shati, akauliza, "Baba, wewe ni fundi wa betri?"

Akasema ndiye.

"Basi utanielewa haraka kuliko wengi," daktari akasema, na akayaweka maneno ya kitabuni pembeni.

Alimwambia kwamba mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kila chumba ni karakana. Katikati ya karakana kuna kiini, na humo ndimo maelekezo ya kila kitu yanamotunzwa. Maelekezo hayatolewi nje. Inatolewa nakala, uzi mwembamba wenye ujumbe wa kitu kimoja cha kutengenezwa, nao unatumwa kwenye mashine. Mashine husoma ujumbe na kutunga protini, shanga baada ya shanga, na protini ndizo nyama, ndizo damu, ndizo kila kazi inayofanyika ndani ya mtu.

Fundi Chaji akaitikia kwa kichwa. Hadi hapo hakuona ajabu.

Ajabu iko kwenye kuanza, daktari akasema. Mashine haiji ikiwa nzima, huja kwa nusu mbili. Nusu ndogo hutangulia, imefuatana na mchukuzi aliyebeba shanga ya kwanza. Hujishika kichwani mwa uzi na kuanza kutambaa, inapapasa herufi moja moja, hadi ikute neno la herufi tatu lenye maana ya anzia hapa. Neno ni hilo hilo kwa mtu, kwa kuku, hata kwa mmea wa mahindi. Likipatikana, nusu ndogo inasimama, mchukuzi anaiacha shanga na kuondoka, nusu kubwa inashuka juu yake kama kifuniko, na kazi inawaka. Isipopata pa kuanzia, ujumbe unabaki uzi tu.

"Na yule mchukuzi?" Fundi Chaji akauliza.

Daktari akamtazama vizuri zaidi. Mchukuzi, akasema, akishaiacha shanga anaondoka hana nguvu. Hawezi kubeba nyingine hadi achajiwe upya. Kuna mwenye kazi hiyo ndani ya seli, kazi yake ni kuchaji wachukuzi wa shanga ya kwanza, usiku na mchana, hana likizo.

Mzee akaitazama mikono yake, vidole vilivyobabuliwa na asidi.

Kwa mtoto huyu, daktari akaendelea, huyo mchajishaji ni dhaifu. Herufi imekosewa kwenye maelekezo aliyopewa na baba, na nyingine kwenye yale aliyopewa na mama. Wazazi wenyewe ni wazima, kwa sababu kila mmoja ana nakala nyingine iliyo nzuri. Mtoto amepata zote mbili mbovu. Siku za kawaida mchajishaji wake anajikokota, mambo yanakwenda. Lakini homa ikija, seli za mtu yeyote hupunguza kazi kwa makusudi, kama nyumba inavyozima taa umeme ukiwa mdogo. Kuwasha tena kunamtaka mchajishaji mwenye nguvu. Wake hana. Na wanaoumia kwanza ni wale wanaotunza maganda ya nyaya za ubongo.

"Maganda," akasema Fundi Chaji. "Mpira wa juu ya waya."

"Huo huo, baba. Waya upo, mpira unaisha."

Binti alikuwa amekishika kichwa cha mtoto kifuani, analia bila sauti, kwa namna ya wafanyakazi wa kiwandani waliozoea msimamizi nyuma yao. Fundi Chaji akauliza dawa. Daktari akasema kweli: watu wanaitafuta, mahali pengi, na bado dawa ya kuurekebisha ugonjwa wenyewe haijafika mikononi mwao. Kilichopo ni kumkinga. Homa ikigusa tu, aletwe. Kichwa kisigongwe.

"Na jambo la mwisho," akasema.

Hapo ndipo toroli la chakula cha wagonjwa lilipofika mlangoni. Lilikuwa na gurudumu moja lililokufa, na lilipovuka kizingiti kifuniko cha sufuria kikaruka, kikaanguka sakafuni na kuzunguka kwa muda mrefu kama sarafu ya jitu. Daktari alikuwa anasema, "Asishtuliwe." Kifuniko kikaiangukia ile *si* barabara, kikaifunika pamoja na maelezo yaliyofuata neno hilo. Sikio la kulia la Fundi Chaji, lile linalosikia linachokipenda, likaokota lililobaki.

Ashtuliwe.

Hakuuliza tena. Mtu akiambiwa jambo geni huuliza mara mbili. Akiambiwa alilolijua maisha yake yote, aulize nini? Kitu kimegoma kuwaka, na mtaalamu kasema kishtuliwe. Njia nzima ya kurudi alitazama nje ya dirisha la basi na midomo yake ikichezacheza. Binti akadhani baba anaomba. Na kwa namna fulani alikuwa anaomba, ila sala yake ilikuwa ya shukrani: kwamba miaka yote ile ya mashati yenye matundu ilikuwa ni kumwandaa kwa gari hili moja.

Nyumbani binti alimweleza mama yake mambo ya homa na kichwa, kilio kikamkata kabla ya kufika mwisho. Alijua baba alikuwepo, baba alisikia. Na Fundi Chaji hakumwambia mkewe mpango wake, kwa kuwa alijua angechekwa kabla hajamaliza, na kicheko cha mkewe kilikuwa na uwezo wa kumvunja mtu nia kwa wiki nzima.

Akachagua namna. Mtu mwenye kwikwi hushtuliwa zikaacha, hilo kila mtu analijua. Kwikwi ni kitu kidogo, huchukua kupigiwa kofi nyuma ya kisogo. Hili lilikuwa kubwa, lilihitaji moto mkubwa. Kwenye pembe ya kibanda kulikuwa na honi ya lori la mchanga, honi ambayo ilipolia zamani ng'ombe wa ng'ambo ya mto walikata maziwa. Akaisafisha kwa brashi ya waya, akaipangusa, akaifunga chini ya benchi nyuma ya godoro la mtoto. Akaichagulia betri iliyo bora kuliko zote.

Ilikuwa alasiri. Mkewe alikuwa amekwenda kusagisha unga. Mchomelea mageti alikuwa amefunga mapema, mtaa umetulia kiasi kwamba betri zilisikika zikinong'ona benchini. Swali alikuwa amekaa juu ya godoro, mgongo umeegemea mto, anapanga vifuniko vya betri kwa rangi. Tangu alipougua vidole vyake vilitetemeka, lakini vilikuwa na subira, kifuniko kikianguka aliokota.

Fundi Chaji akapiga magoti nyuma ya benchi. Akafunga waya mweusi. Akashika mwekundu. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio, akajiambia ni haki yake, hata daktari mpasuaji lazima moyo wake huenda mbio. Alimwona mtoto kwa kisogo, shingo nyembamba, nywele zilizosukwa na mama yake kwa haraka kabla ya zamu. Akaona jinsi ambavyo angekurupuka, asimame, akimbie mlangoni kama zamani, ageuke amuulize babu ile ilikuwa sauti gani.

Akausogeza waya karibu na kichwa cha betri. Na mdomo wake, bila kuagizwa na mtu, ukafanya ulichofanya kila siku tangu ujana.

"Tayari?"

Mtoto akageuka. Akamwona babu yake amepiga magoti nyuma ya benchi na waya mkononi. Akafungua mdomo ajibu, na neno likakwama mlangoni.

Hakujibiwa, kwa hiyo hakugusisha. Kanuni ni kanuni. Alisimamisha mkono hapo hapo, waya na kichwa cha betri vinatazamana kama jogoo wawili, akangoja. Siku nyingine angelimalizia neno, wote walikuwa wakifanya hivyo kwa huruma: mtoto akianza kutafuta, mtu anamwokotea neno lake na kumpa, na mara nyingi si lile alilolitaka. Leo hakuweza. Jibu la tayari haliwezi kutolewa na anayeuliza. Akautazama ulimi wa mtoto ukipapasa, ukitambaa, ukitafuta pa kuanzia.

"T... ta... tayari ya nini, babu?"

"Ya kushtuliwa," akasema. Hakuwahi kumdanganya mtu kwenye waya, hata mjukuu aliyemdanganya kwenye mengine yote. "Daktari kasema ushtuliwe."

Swali akafikiri. Kisha akatikisa kichwa, na akaanza safari nyingine ndefu. "A... a... a..."

Mkono wa mzee ulianza kuchoka. Hakuushusha.

"Asi... asishtuliwe."

"Ashtuliwe," akasema babu.

"*Asi*. Hujasema *si*, babu." Na kwa vile mlango sasa ulikuwa umefunguka, mengine yakatoka yenyewe. "Alisema nikishtuka sana nitalala kama ile siku ya kigoda. Hukusikia? Kifuniko kilianguka. Mimi nilikuwa namwangalia mdomo."

Fundi Chaji alikaa na ule waya. Halafu akautoa mweusi, akauviringisha, akautoa na mwekundu, akauviringisha, taratibu, kama mtu anayemvua maiti pete. Akatoka nje akakaa juu ya tairi.

Kutoka ndani ikasikika sauti ikijiandaa, ikichelewa, ikafika. Iliuliza kama babu analia.

"Ni asidi," akasema.

"Asidi si iko huku benchini?"

Mkewe aliporudi na unga alimkuta bado juu ya tairi, akaambiwa yote. Yule mwanamke alikuwa na mzaha kwa kila jambo, alikuwa nao hata siku paa la nyumba lilipoondoka na upepo. Siku hiyo hakuwa nao. Akautua unga, akaingia kibandani, akaifungua ile honi kwa mikono yake mwenyewe, akaibeba hadi chooni na kuitupa shimoni. Kisha akaja kukaa naye kwenye tairi. Halikuwatosha wawili, wakakaa hivyo hivyo.

Baada ya hapo mtaa ulipata kitu cha kucheka. Fundi wa kushtua akapiga marufuku kushtua. Gari lolote lililokuja kwa kusukumwa lilisukumwa tena hadi kona ya mbali, naye alilifuata na betri juu ya mkokoteni kama mtu anayempeleka mgonjwa. Nguzo za kibanda alizivisha sponji za viti vya basi. Kingo za benchi alizivisha mpira wa tairi. Alimshonea mtoto kofia ya sponji na ngozi, akishirikiana na mshona viatu, nayo ilikuwa mbaya hata Swali alipoivaa mara ya kwanza aliuliza kama ni kofia au adhabu. Fundi mwenyewe kabla ya kuingia alikohoa kidogo nje, asije akatokea ghafla. Mchomelea mageti naye akaanza kukohoa. Mwisho mtaa mzima ulikuwa unakohoa, mgeni akipita anadhani kuna kifua kikuu.

Dereva wa lori la mchanga alimkejeli mbele za watu. "Fundi, wewe ni kama muuza chumvi anayekataza watu wasiionje."

"Sukuma mpaka kona ile," akajibiwa. "Kule nitakushtua mpaka uombe radhi."

Wateja wengine walihamia kwa fundi wa barabara kuu, ambako hakuna kona wala kikohozi. Akawaacha waende.

Homa nyingine ilikuja na mvua. Ilianza asubuhi, na kabla chai haijapoa walikuwa njiani kwenda hospitali. Hata hivyo usingizi ukamchukua. Ukawa ule ule wa kigoda, ila mrefu zaidi. Baba mtu akaliacha lori bandarini, akaja na nguo alizokuwa nazo mwilini. Daktari mwembamba hakuwaficha. Alisema wanamshusha homa na kumlinda, na kwamba anaweza kuamka na anaweza asiamke, na akiamka miguu huenda isirudi.

Ndugu wakaja. Shangazi wa mtoto, dada wa baba, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu waliovuka mto, aliinama kitandani akavuta pumzi ili amwite mtoto kwa nguvu, arudi kutoka huko alikokwenda. Nia yake ilikuwa njema.

Fundi Chaji akanyanyuka kitini.

"Shangazi," akasema, "*a-si-shtuliwe*." Ile *si* aliiweka katikati kama jiwe la mlango. Wauguzi waligeuka. Shangazi akaitoa pumzi yake taratibu, akakaa, akamshika mtoto unyayo.

Siku zikapita na mvua yake. Fundi Chaji aliacha kibanda kimefungwa, akakaa upande ule ule wa kitanda, sikio la kulia karibu na mto. Alikuwa anaona mle ndani kama aliyeshushiwa ngazi: nusu ndogo zinatambaa kwenye nyuzi zao gizani, zinatafuta neno, wachukuzi wamekaa chini, wamekwisha, wanangoja, na yule fundi mwenzake dhaifu anapita kwa mmoja mmoja na mikono yake mibovu, anajaribu. Hakuna waya ambao yeye wa huku nje angeweza kumrushia. Maisha yake yote alikuwa akitoa moto kwenye kizima kupeleka kwenye kilichokufa, na sasa yeye ndiye mzima, amekaa hapo na moto wake wote, na hakuna pa kugusisha.

Kila asubuhi muuguzi alipofungua pazia, mzee aliuliza kwa sauti ndogo, "Tayari?" Kisha alingoja. Alingoja kwa kweli, si kwa desturi, kama alivyongoja siku ile ya honi. Asipojibiwa aliegemea kiti hadi asubuhi nyingine. Binti mwanzoni alimwomba aache, ilikuwa inamuumiza. Baadaye na yeye akawa anangoja.

Asubuhi moja aliuliza, akangoja, na midomo ya mtoto ikasogea.

Binti akaruka kutoka kitini, jina la mtoto limeshafika kooni. Fundi Chaji akauinua mkono wake ule uliobabuka, kiganja wazi. Wakabaki hivyo wote: mama amesimama, baba yuko mlangoni na kikombe, bibi ameshika ukingo wa kitanda. Midomo ikasogea tena. Ulimi ukapapasa, ukaacha. Ukarudi. Yeyote kati yao angeweza kumwokotea neno. Hakuna aliyelijua ni neno gani, na safari hii hakuna aliyejifanya analijua.

"S...," akasema mtoto, macho bado yamefumba. "Si..."

Wakangoja.

"Sijalala."

Bibi yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa sauti, na sauti yenyewe haikuwa kicheko wala kilio, akaiziba na kanga. Fundi Chaji aliinama hadi sikio lake likagusa mto, asipoteze hata silabi moja ya yatakayofuata.

Miguu haikurudi. Daktari alilisema hilo na ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyejua homa nyingine itakuja lini na itachukua nini. Kibanda kikafunguliwa. Asubuhi baba au mama akiwa hayupo, babu humbeba Swali mgongoni, humweka kwenye godoro lake na kofia yake mbaya, na kabla hajafungua betri hata moja humuuliza kama yuko tayari. Jibu huchukua muda wake. Siku nyingine huwa refu kuliko foleni. Na mwenye gari bovu akianza kulalamika kule nje kwamba amechelewa kazini, mshona viatu humnyamazisha kwa kidole, humwambia asogee kivulini angoje kidogo, kuna mtu humo ndani anaanza neno.